Kasha Moja, Kipimo Kimoja

Mwezi wa saba, mahindi yakishapukuchuliwa, nyuma ya nyumba nyingi za Mahongole hubaki rundo la magunzi linalosubiri kuwa kuni. Mabua bado yamesimama shambani. Njiani kumedondoka vitunda vya mlingoti na koni za msindano, na jaani kuna kokwa za parachichi. Ukifika Makambako mjini, kwenye gereji za kando ya barabara kuu, utakuta washa za chuma, fyuzi zilizoungua, vipande vya waya, na vizibo vya soda vilivyokanyagwa na malori mpaka vikawa bapa. Anayetaka kuunda picha ndogo za kuunga huku kwetu hakosi malighafi. Anachokosa mara nyingi ni mpango.

Kazi yenyewe ni hii: unachukua mbegu, majani makavu, vijiti na vitu vilivyotupwa, unaviunga ndani ya kasha au juu ya ubao mpaka vigeuke jiko la bibi, kilabu cha ulanzi, stesheni au shamba la viazi. Hakuna kuchora, na kuchonga ni kidogo. Ufundi wote upo katika kukiona kitu kimoja kikishika nafasi ya kingine: kitunda cha mlingoti kuwa chungu, gamba la koni kuwa kigae. Nawaandikia wanaoanza, na pia wale waliokwisha kuanza wakaona kazi zao zinakaa kitoto bila kujua kwa nini.

Wa kundi la pili niwajibu mapema. Picha hizi huharibika kwa mambo mawili kuliko mengine yote: vipimo visivyoelewana, na mbegu zilizobandikwa kabla hazijakauka. Gundi hafifu na rangi mbaya hurekebishika. Kipimo kikiyumba, hakuna vanishi itakayokuokoa, na fukusi akishaingia, utakuwa umemtengenezea nyumba nzuri yenye kioo.

Asije mtu akakwambia hii ni sanaa ya kuletwa. Mtoto aliyekulia kwenye mahindi ameshaifanya: amemenya bua, akatumia ganda lake gumu kama misumari na moyo wake mwepesi kama mbao, akaunda gari lenye ekseli zinazozunguka, na hata miwani. Hakuwa na tone la gundi. Hilo tutalirudia kwenye kuunga, kwa sababu watu wazima wengi wamelisahau.

Wala usingoje shule ya sanaa. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka picha Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kawaida, zile za kupakia baiskeli na nyumba, juu ya vipande vya hadibodi. Alitumia kilichokuwa karibu na kilichokuwa rahisi, na staili yake ikabaki na jina lake hata baada ya kufariki mwaka 1972. Mwaka huohuo, New York, alifariki Joseph Cornell, mtu aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kupanga vitu vya kuokota na vya mitumba ndani ya makasha ya mbao yenye kioo mbele: vikombe vya mvinyo, ramani, ndege wa karatasi, vipande vya viko vya tumbaku. Naye hakusomea sanaa. Nairobi leo yupo Cyrus Kabiru, anayeunda miwani mikubwa kwa vyuma na takataka za mtaani, na makumbusho ya nje yanampigia hodi. Hakuna kati ya hao watatu aliyejifunza kazi hii darasani.

Sasa kipimo. Kabla hujakata chochote, amua mtu wa ndani ya picha yako atakuwa na urefu gani. Hata kama hutaweka mtu, amua. Yeye ndiye rula yako, na kila kitu kitapimwa kwake. Mimi napendekeza vipimo viwili tu kwa anayeanza.

Cha kwanza ni moja kwa arobaini. Njiti ya kiberiti ya kawaida ina zaidi kidogo ya sentimita 4. Mtu wa sentimita 170 ukimgawa kwa 40 unapata hiyohiyo njiti. Basi simamisha njiti mezani na uiulize kila kitu: mlango wa mita 2 utakuwa sentimita 5, kitanda sentimita 5, stuli sentimita moja au zaidi kidogo. Kitunda cha mlingoti chenye milimita 7 kitakuwa na upana wa sentimita 28, yaani chungu halisi cha maharage. Kizibo cha soda kina kipenyo cha kama sentimita 3. Hapa kinakuwa meza ya duara, au tairi la lori lililozidi kidogo. Punje ya ulezi ni kokoto. Kipimo hiki kinafaa vitu vya ndani na vya karibu: jiko, duka la mangi, kinyozi, kona ya gereji.

Cha pili ni moja kwa mia, nacho hakihitaji hesabu: kila mita inakuwa sentimita. Mtu sasa ana sentimita 1.7, sawa na haragwe refu. Msindano wa mita 20 unakuwa tawi la sentimita 20. Lori lenye tela, ambalo kwa kipimo cha kwanza lingekula kasha zima, linaingia kwa sentimita 17 hivi. Kitunda kilekile cha mlingoti kimekuwa pipa la sentimita 70, na kizibo cha soda kimekuwa kitu cha mita 3, labda paa la kibanda. Hapa ndipo reli inapowezekana. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa kilometa 1,860 na kupita Makambako, ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Kwa moja kwa mia hiyo ni sentimita moja na chembe. Nyoosha nyaya mbili za kufungia, zitenganishe kwa upana wa sentimita moja, na chini yake panga njiti za kiberiti zilizokatwa nusu ziwe mataruma. Mataruma ya TAZARA ni ya zege, kwa hiyo zisugue njiti majivu kabla ya kuzipanga. Zikibaki nyeupe za mti, mtu aliyewahi kuvuka reli ile kwa miguu atajua hukuangalia.

Umeona njiti moja ilivyokuwa mtu mzima kwenye kipimo kimoja na mataruma mawili kwenye kingine. Kosa la kawaida ni kuviweka vipimo hivyo viwili kwenye kasha moja, kwa sababu kila kitu kilipendeza kilipookotwa. Kinachovunja picha mara nyingi ndicho kizuri kuliko vyote: koni nzima ya msindano iliyosimikwa kuwa mti mbele ya nyumba ambayo dirisha lake ni kubwa kuliko tawi. Kiondoe. Kihifadhi kwa kasha jingine. Nafasi pekee ya kuchezea kipimo ni umbali: vya mbele vikubwa, vya nyuma vidogo, na ukuta wa nyuma wa kasha upakwe rangi hafifu ya kibuluu kama vilima vya huku vinavyoonekana asubuhi. Hapo jicho linakubali kudanganywa.

Tuje kwenye kuokota. Ushauri wangu ni kuanzia kwa mabaki ya kazi za watu kabla ya kwenda porini. Viwanda vya mbao vya Makambako vinatupa mabanzi, maranda na vumbi la mbao kila siku. Salimia kwanza, kamwene au shikamoo kulingana na umri, kisha sema wazi unachotaka: “Fundi, naomba mabanzi membamba yenye magome, na kilo moja ya vumbi.” Wengi watakupa bure na kukucheka kidogo. Banzi la msindano lenye gome lake ni ukuta wa mwamba uliokwisha kuchongwa na Mungu. Vumbi lililochekechwa ni ardhi. Maranda ya randa, yale mapana yanayojikunja, ni karatasi ya kuezekea.

Misindano mingi ya Nyanda za Juu Kusini ni ya aina ambayo koni zake hubaki zimefunga mpaka zipate joto. Ukiokota koni iliyofunga usiipasue. Iweke juu ya bati karibu na mafiga, itaanza kualika na kufunguka yenyewe, na magamba yake utayang'oa kwa koleo moja moja bila kuyavunja. Koni chache zinatosha kuezeka nyumba. Sindano zake, ndefu na laini, ni nyasi za kuezekea kibanda, ni fagio, ni mzigo wa kuni kichwani kwa mtu wa njiti. Zichume zikiwa za kahawia tayari. Za kijani husinyaa na kulegeza paa.

Miwati nayo ipo, iliyoletwa Njombe kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi wakati wa Kampuni ya Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949. Maganda ya mbegu zake yamebanwa kati ya mbegu na mbegu, na yakikauka yanajipinda vizuri: hayo ni ngazi, ni uzio. Masalia ya majani ya chai, yakianikwa vizuri, yanatoa udongo mweusi wa bustani ya viazi kuliko udongo wenyewe, maana udongo halisi una chembe kubwa mno na unapauka. Ganda la mahindi lililolowekwa linakunjwa kuwa khanga mwilini mwa mtu. Milulu, ile inayosukiwa vikapu vya Iringa, ukiichana nyembamba inafungia kila kitu.

Kokwa la parachichi linahitaji aya yake. Njombe sasa imejaa parachichi za Hass za kwenda nje, lakini kwa kazi yetu parachichi la kienyeji ni bora, kokwa lake ni kubwa. Likiwa bichi linakatika kwa kisu bila kelele. Ondoa ngozi ya nje, chonga siku hiyohiyo au kesho yake, na usishangae ukiona nyama nyeupe inageuka rangi ya chungwa halafu nyekundu ya matofali ya kuchoma: ni hewa inayofanya hivyo. Rangi ile huwezi kuinunua. Litanywea, kwa hiyo chonga kubwa kidogo kuliko unavyotaka, na lisianikwe juani. Lifunge kwenye karatasi, liweke kivulini wiki kadhaa. Jua la ghafla hulipasua katikati, na linapopasuka huwa limeshakugharimu jioni nzima. Likikauka ni gumu. Utaliumba kwa msasa tu. Nyumba ya tofali kwa kipimo cha moja kwa mia inatoka katika kokwa moja.

Maua ni mtego. Mengi hupauka ndani ya miezi, na wanaoanza huyapenda kupita kiasi. Ukiyataka, kausha gizani, yakiwa yamebanwa ndani ya kitabu kizito, au tafuta yale ya mlimani ya njano na meupe ambayo petali zake ni kavu tangu yakiwa hai. Lakini usiyafuate Kitulo. Uwanda ule, wanaouita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, una aina zaidi ya 350 za mimea zikiwemo okidi 45, na kuchuma ndani yake ni kosa. Nenda uangalie, upige picha, urudi nyumbani uunde okidi kwa ganda la kitunguu.

Na kando ya reli usiokote chuma. Boliti na vishikizo vilivyolala pale vina kazi, au vina mwenyewe, na kukutwa navyo mfukoni kunaweza kukuletea kesi ya hujuma hata kama ulitaka kuunda kikombe. Nenda kwa fundi gereji au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, lipa mia mbili, ondoka na amani. Betri kuukuu usizipasue, taa za mrija zenye unga mweupe ndani usizivunje.

Miiba ya nungunungu inavutia sana kwa nguzo na mikuki. Iache. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inahesabu mwiba, unyoya, jino na hata yai la mnyama pori kuwa nyara, na nyara zina vibali vyake. Unyoya wa kuku wako hauna matatizo na mtu.

Nimekwisha kusema fukusi ni adui. Tatizo lake ni kwamba humwoni anapoingia. Jike hutoboa punje, hutaga ndani na kuziba tundu. Wewe unachagua punje safi, unaibandika, unaipaka vanishi, na baada ya wiki kadhaa mwanawe anatoka kupitia vanishi yako akiacha unga. Ndiyo maana zile ramani za Tanzania za maharage na mahindi zinazotundikwa madarasani hupoteza mkoa mmoja baada ya mwingine. Dumuzi, yule ambaye wakulima walimbatiza Scania, haishii kwenye nafaka tu. Anatoboa ubao laini pia.

Anza na ukavu. Kipimo cha chumvi, ambacho mabwana shamba wamekifundisha miaka mingi, kinatosha: tia chumvi kavu na mbegu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mbegu bado zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au hapo karibu. Rudisha juani. Kwetu huku mvua za Novemba hadi Aprili na ukungu wa baridi unaofuata vinasumbua, kwa hiyo kusanya baada ya mavuno, na kama jua ni hafifu tumia dari la jikoni juu ya moto wa kuni. Moshi unasaidia kufukuza wadudu. Ila funika kwa karatasi, vinginevyo kila kitu kitavaa masizi.

Baada ya ukavu, ua kilichomo. Mwenye friza aziweke mbegu ndani ya kopo lililofungwa, wiki nzima, kisha aliache kopo lipate joto la chumba kabla ya kulifungua, la sivyo jasho litazilowesha upya. Asiye na friza atandaze mbegu tabaka moja juu ya plastiki nyeusi, azifunike kwa nailoni angavu, abane pembeni kwa mawe na kuziacha kwenye jua kali la mchana. Joto likifika nyuzi 57 kwa saa moja, wadudu na mayai hufa. Siku ya jua safi inafika, siku ya mawingu haifiki, usijidanganye. Mbegu hizo huenda zisiote tena vizuri, basi usizichanganye na za kupanda.

Kwenye sanduku la akiba ongeza pareto. Tunakaa katikati ya nchi ya pareto, kiwanda kiko Mafinga, na kiuadudu cha maua yake ndicho kile kinachotafutwa duniani kote. Maua makavu yaliyosagwa, ndani ya kitambaa, kwenye kopo la giza. Mwanga huiua nguvu yake upesi, kwa hiyo kwenye picha iliyotundikwa ukutani haitakusaidia kitu. Kazi yake ni stoo.

Kuhusu sumu nitakuwa mkali kidogo, hasa kwa walimu na wazazi. Mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, za mturituri, ndizo nzuri kuliko zote na ndizo mbaya kuliko zote. Ganda likiwa zima si tatizo kubwa. Ukilitoboa kwa sindano ili upitishe uzi, umeifungulia sumu mlango, na mtoto akitafuna moja inaweza kumuua. Nyonyo vilevile, zile zenye madoa ya kupendeza. Na kuna sumu ya tatu ambayo watu hawaitaji: mbegu za mahindi za dukani zilizopakwa rangi ya waridi au kijani. Ile rangi ni onyo kwamba zimepakwa dawa. Kila msimu huwa zinabaki chache mfukoni, na mtu huona ametunukiwa shanga. Zipeleke shambani. Ukitaka punje yenye tundu tayari, tafuta ile nyasi ya mabondeni inayotoa mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa. Tundu lake ni la asili na haina ubaya.

Kuunga kuna njia tatu, na mpangilio wake ni huu: kuchomeka, kufunga, kubandika. Gundi iwe ya mwisho. Vitu vya asili vinanywea na kutanuka kadiri hewa inavyobadilika, na gundi hainywei navyo. Ndiyo maana nyumba nzuri ya Juni inaachia paa mwezi wa kumi na mbili. Mtoto wa gari la mabua alilijua hili. Toboa kwa kekee ndogo au sindano iliyopashwa moto, chomeka kijiti cha ganda la bua au kipande cha waya, kisha tone la gundi nyeupe ya mbao liingie ndani ya tundu lenyewe. Kiungo hicho utakisafirisha hadi Songea kwenye basi. Supaglue itumie kwa chuma na mbegu zinazoteleza, kidogo sana, kwa sababu huacha ukungu mweupe pembeni. Gundi ya moto ina haraka na ina nyuzinyuzi, na nyuzi zile kwenye kipimo cha moja kwa mia ni kamba za meli. Siipendi. Uji wa muhogo hubandika karatasi vizuri lakini ni chakula, na unajua nani atakuja kula.

Vifaa vingine si vingi: kibano, wembe, koleo ndogo, msasa laini, tupa, sindano, uzi. Vanishi isiyo na rangi inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Punguza kwa tina, paka mara mbili nyembamba badala ya mara moja nzito, na usipake kila mahali. Chungu king'ae, ardhi ising'ae. Mimi sipaki rangi juu ya mbegu. Ukishapaka haragwe rangi ya buluu, hakuna tena sababu ya kutumia haragwe. Mtazamaji anatakiwa aone mtu amebeba maji, na dakika hiyohiyo aone kwamba mtu yule ni haragwe na ndoo ni kitunda cha mti anaoujua. Pambo linalometameta la madukani linaua furaha hiyo mara moja.

Kasha la kwanza liwe la kiberiti. Ni dogo, halitishi, na linakulazimisha kuchagua kitu kimoja cha kusimamia picha. Weka kitu hicho kando kidogo ya katikati, kikiwa na kivuli chake, na uache walau theluthi moja ya kasha bila kitu. Wanaoanza hujaza. Jiko moja, mafiga matatu ya kokoto, chungu kimoja cha mlingoti, majivu halisi ya jikoni kwako, moshi usiuweke. Ukimaliza manne au matano ya hivyo, panda kwenye kasha la mbao la upana wa shubiri moja na kina cha vidole vinne, lenye kioo mbele. Kioo kikae kwenye mfereji na mgongo wa kasha ufungwe kwa skrubu, si kwa misumari wala gundi, ili siku ya kubadilisha mbegu iliyoliwa ufungue na kufunga. Mafundi seremala watakukatia pembe kwa bei ndogo kama utawapelekea mabanzi yako mwenyewe.

Kama unataka kuuza, nenda kwanza Iringa ukaangalie Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo na vitu vingine vingi. Usiende kuiga bidhaa. Angalia namna kingo zilivyosafishwa, namna mgongo wa kila kitu ulivyomaliziwa sawa na uso wake, namna kazi kumi za aina moja zinavyofanana ubora. Hicho ndicho mnunuzi anacholipia, na ndicho tunachokikwepa tukisema “ni kazi ya mikono tu.” Bei yako ihesabu saa zako, malighafi ni ya bure, lakini wewe si wa bure. Maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu hufanyika Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya kufungasha bidhaa ndogo. Ukianza kuitwa msanii kwa dhati, jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa.

Nyuma ya kila kasha andika kwa kalamu isiyofutika: jina lako, mwaka, Mahongole, na orodha ya mbegu na miti yote iliyomo. Orodha hiyo haiandikwi kwa ajili ya mapambo. Mteja anayerudi Ulaya au Marekani na kasha la maharage anaweza kusimamishwa uwanja wa ndege, na huko mbegu huweza kuchomwa bila kuulizwa nani aliziunga. Mwambie mapema. Kwa kazi ya kwenda nje tumia vyuma, au mpeleke kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu akaombe cheti cha afya ya mimea kabla ya kukata tiketi. Wakaguzi watataka kujua kila kilichomo, na jibu litakuwa limeshaandikwa mgongoni.